Nipe Pole

Jumatatu, 3 Juni

Nisamehe, daftari langu. Nilikutupa tangu tumbo lilipoanza kuonekana, na sasa aliyekuwa tumboni ameshaota meno mawili. Sina la kujitetea. Nikishika kalamu, kuna nepi. Nikimaliza nepi, kuna uji. Nikimaliza uji, kuna nepi tena! Leo nimekutoa chini ya nguo za mtoto kwa sababu kuna kitu kimenikaa kooni na sina wa kumwambia. Kila nikikisema moyoni kinasikika cha kitoto.

Baba Nono amepata lile gemu. Letu. Ila jipya.

Wameliunda upya lote, wenyewe wanaita rimeki. Watu ni wale wale, milima ile ile, lakini sasa wana nyuso kabisa, wanatoka jasho, wana sauti. Ameliweka kwenye mashine ya chumba cha mbele, pale vijana wanapokujaga kulipia kucheza gemu la mpira. Aliniita mchana wateja walipopungua: Mama Nono, njoo uone, watu wako wamerudi! Nikamjibu, ngoja mtoto alale. Mtoto akalala. Nikalala naye.

Nimeamka na alama za mkeka shavuni. Muziki wetu unapita ukutani. Ule ule — ila zamani ulikuwa kama mlio wa saa ya mezani, sasa ni vinanda chungu nzima.

Ameanza bila mimi.


Jumatano, 5 Juni

Nono amelala mgongoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji.

Niliweke hili kabla sijalisahau, maana siku hizi nasahau hata kama nimekula. Wakati wa uchumba, chumba cha Baba Nono kilikuwa na godoro, ndoo na mashine ya gemu. Mashine yenyewe kuukuu, mpaka uigeuze kichwa chini ndipo isome. Na diski aliyouziwa ilikuwa ya Kijapani! Gemu la mpira huhitaji kusoma, unapiga tu. Lakini hili ni gemu la hadithi. Watu wanatembea mji kwa mji, wanasimama, wanaongea, wanaongea, na maandishi yanapita kama vibanda vya njiti za kiberiti. Hatukujua hata herufi moja.

Basi tukabuni. Yeye akawasemea wanaume, mimi wanawake. Yule mfalme mwenye ndevu tukamwita Mwenye Nyumba, kwa sababu kila akitokea watu wanahama. Yule msichana mganga anayebeba taa tukamwita Binti Taa. Vita vilikuwa vya zamu: huyu apige, huyu asubiri. Na kwenye vita padi ya pili, ile ya kushika mkononi na kubonyeza, ilifanya kazi, kwa hiyo yeye akawa yule kijana mwenye upanga, mimi nikawa Binti Taa. Kila ikifika zamu yangu kinafunguka kibao cha maneno. Neno la tatu ndilo linalotibu, tuligundua kwa kubahatisha. Linasomekaje? Mungu anajua. Sisi tukaliita "pole". Yeye akijeruhiwa anapiga kelele, nipe pole! Nabonyeza, Binti Taa anainua taa, na yeye anapona.

Kisha kuna daraja. Pale Binti Taa anamkabidhi kijana taa yake, skrini inakuwa nyeupe, na baada ya hapo hayumo tena kwenye kundi. Tulimtafuta kila mji. Mimi nikasema, amekwenda kwao kupumzika, atarudi. Baba Nono akasema sawa, atarudi. Tukacheza mpaka mwisho kabisa. Hakurudi. Tukailaumu diski, ina mikwaruzo.

Neno likatoka kwenye gemu likaja nasi nyumbani. Siku tuliyomzika baba yangu watu wote walinipa pole, mikono mia. Nilipobaki na yeye peke yetu nikamwambia, nipe pole. Akaniwekea kiganja juu ya kichwa, hivi, kama anainua taa. Hata leba nilimwambia mlangoni, nipe pole, nesi akashangaa.

Pole ni ya kila mtu, hata aliyejikwaa unampa. "Nipe pole" ni yetu.


Ijumaa, 7 Juni

Msusi wa mlango wa pili alikuja. Kwa kazi, ati. Kuna mteja wake amemletea picha ya Binti Taa huyu mpya kwenye simu, anataka asukwe vile vile, naye alitaka kuona msuko unavyokwenda kwa nyuma. Baba Nono akamwashia. Nilikuwa mlangoni na mtoto kiunoni. Msusi ameinama mpaka pua inagusa kioo cha skrini, anafuata njia za nywele kwa ukucha: tazama shemeji, unaanzia sikioni, unazunguka.

Shemeji! Dada yake ni nani hapa?

Zamani Binti Taa alikuwa na nywele kama kipande cha mkate. Sasa zinapepea unywele mmoja mmoja. Na kiuno wamempa! Mimi tangu nijifungue nywele za mbele zinanitoka, kila nikichana natoa furushi, juzi Nono alikuwa nalo mdomoni. Nikamtazama yule wa kwenye kioo nikamchukia. Namwonea wivu mtu wa kuchorwa, jamani. Nimefika hapo.

Nikarudi ndani kukoroga uji. Nikamsikia msusi: na mimi nishike kidogo?

Padi ya pili, ile ile yangu ya zamani, maana zetu ameziunganisha kwa kiwaya kwenye mashine mpya. Nilijua bila kuona.


Jumamosi, 8 Juni

Nilikuwa namwogesha Nono kwenye beseni. Ukuta wetu ni mwembamba, kikohozi cha mteja unakijua. Huko mbele panga zinalia, msusi anapiga mayowe na kucheka. Halafu sauti ya mume wangu, ile ya kule chumba cha godoro na ndoo, ambayo sijaisikia tangu tufungue biashara:

— Nipe pole! Nipe pole, nakufa!

Akapewa.

Nilimwaga maji yote. Nono alicheka, alidhani ni mchezo.


Jumatatu, 10 Juni

Sikusema kitu jana yote. Nilipika, nilifua, niliitikia. Baba Nono akauliza, una nini? Nikasema meno ya mtoto. Mtoto ana meno mawili, yametulia, wala hayana shida na mtu.

Leo msusi amenisimamisha nikipita na kapu. Mama Nono, ingia nikubane hizo nywele, zinanitia huruma. Nilitaka kukataa. Lakini nilitaka pia kumwona kwa karibu, yukoje. Nikakaa kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti yake, Nono mapajani kwangu anatafuna chanuo.

Mikono yake mizuri. Niseme ukweli. Ana vidole vyepesi, hata pale panaponiuma hakunivuta. Tukazungumza meno, tukazungumza maji kukatika. Kisha akaanza kucheka peke yake.

— Dada, kumbe nyinyi mlikuwa hamjui kwamba anakufa!

— Nani?

— Si yule mwenye taa! Pale darajani. Mteja wangu ameshalimaliza gemu, kaniambia mapema nijiandae na leso. Nikamwambia Baba Nono, naye akanisimulia ya kwenu. Jamani! Ati amekwenda kwao kupumzika! Mbavu zangu!

Nikauliza, na yeye alicheka?

Vidole vikasimama.

— Alicheka... alicheka kidogo.

Anakufa. Miaka yote ile tumemtafuta mji kwa mji, tukamtetea, tukalaumu diski. Anampa taa kwa sababu hataihitaji tena. Hilo lingeniuma hata ningeambiwa na mume wangu, tumekaa wawili. Nimeambiwa na msusi, kichwa kimebanwa, huku anacheka mbavu zake!

— Dada, unalia au nimekuvuta?

— Umenivuta.

Nono akaanza kulia naye, kwa kuniiga. Nikainuka. Msusi akasema hatujamaliza, ngoja, ni upande mmoja tu! Nikatoka hivyo hivyo. Nusu nimesukwa, nusu nywele zimesimama kama fagio. Vijana wa mpira walikuwa nje. Hakuna aliyethubutu kucheka, nadhani waliona macho.


Jumanne, 11 Juni

Nimesema.

Nilisubiri wateja watoke, nikafunga mlango wa chumba cha mbele, nikazima feni ili anisikie. Yeye akaanza kwa kucheka. Mama Nono, hicho kichwa? Nikamwambia, kichwa utakijua baadaye. Neno langu umempa nani?

Hakuelewa. Kisha akaelewa, nilimwona. Akatazama padi ya pili juu ya benchi, ina mafuta ya nywele.

— Ni gemu tu, Mama Nono.

— Gemu mpe. Neno lile si gemu.

— Sasa nikijeruhiwa niseme nini? Ndilo ninalolijua.

— Limeandikwa pale siku hizi, herufi kubwa. Soma kama watu wengine!

Akasema kwa sauti ya chini, na hili ndilo limenikata: mimi nilikuita. Siku ya kwanza. Ulilala.

— Nililala kwa kuchoka. Sikulala kwa kutotaka.

— Ningejuaje? Kila siku ni ngoja, ngoja. Nimengoja. Yule alikuja akaniuliza, hili gemu linahusu nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

— Ukamwambia linahusu wajinga wawili waliodhani marehemu amekwenda kwao.

Akafumba macho. Hakukana. Afadhali angekana, ningepiga kelele nikamaliza. Akanyoosha mkono, kile kiganja, kuja kichwani. Nikarudi nyuma. Mara ya kwanza tangu tujuane. Mkono ukabaki hewani, kijinga, kama mtu anayesimamisha gari.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua mfuko mmoja. Akauliza, unakwenda wapi?

— Kwetu. Kupumzika.

Alikuwa anainuka kitini. Akakaa tena. Uso wake ulibadilika wote, akanitazama, akamtazama Nono. Hakuuliza kama nitarudi. Nilisimama mlangoni kidogo, ili aulize.


Alhamisi, 13 Juni

Kwa Mama. Chumba changu cha usichana sasa ni stoo, tunalala na magunia. Nono amefurahi, ana bibi, ana paka.

Mama alinivumilia siku moja. Leo tukichambua mchele akaanza. Amekupiga? Hapana. Ana mwanamke? Sijui. Sidhani. Sijui. Sasa amefanya nini, mwanangu, mpaka umekuja na nusu kichwa?

— Amempa mtu neno langu, Mama.

Akaokota kijiwe, akakitazama vizuri, akakitupa.

— Baba yako alimpa mtu baiskeli yangu. Hilo nililielewa.

Nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Naye akacheka. Halafu akavua kitambaa chake akanifunga kichwani, akakaza fundo, akasema upande huo mwingine atausuka yeye, ila macho yake si ya zamani, utakuwa na njia yake. Nikamwambia uache kwanza. Sijui kwa nini. Nikimaliza kichwa nitakuwa nimemaliza kitu.

Simu ikaita mchana. Baba Nono. Sikupokea, nilikuwa na mikono ya mchele, na hata ingekuwa mikavu. Akatuma ujumbe. Si mwandishi yule, anaandika kama analipia kila herufi. "Nono hajambo. Nimezima gemu. Niko kabla ya daraja. Siwezi kuvuka." Chini yake mwingine: "Msusi anauliza kichwa chako. Nimemwambia padi ile ina mwenyewe." Chini yake tena: "Uliondoka na mfuko mmoja. Niambie vitu vya kutuma. Mwenye pikipiki yupo."

Nono hajambo! Anauliza au ananiambia?

Nimeusoma huo wa kwanza mara nyingi kuliko inavyostahili. Kabla ya daraja. Kwa hiyo Binti Taa yuko hai bado, amesimama pale na taa yake na nywele zake, na msusi amekaa bila kuona mwisho. Nimefurahi kwa hilo, tena kwa ubaya. Wivu haujaisha, bado umo, kama mchanga kwenye mchele.

Naandika hapa kwanza, nisije nikakosea kwenye simu. Vinavyohitajika ni hivi:

Nepi nene zilizo kambani. Za manjano ziache, zinamchubua.

Chupa ya Nono yenye kifuniko cha kijani, na kile kijiko chake kilichopinda. Kilichonyooka hakitaki.

Kitambaa changu cha bluu. Hiki nilichovaa ni cha Mama, anakitazama sana.

Chanuo pana.

Mashine ya zamani, iko juu ya kabati nyuma ya feni mbovu. Isafirishwe kichwa chini, imezoea.

Waya wake wa vichwa vitatu, TV ya Mama ni ya zamani, itaukubali.

Diski ya Kijapani. Usiifute. Mikwaruzo ni yetu.

Padi zote mbili. Yangu ipanguse mafuta, mpe mwenye pikipiki. Yako usimpe mtu, ije na mkono wako.