Laetitia, na Kakao ya Siku Tatu

Mwaka umezunguka wote, Laetitia, tangu asubuhi ile ya Jumatano ulipotuacha hapa kijijini Mpofi, baada ya homa ya siku tano, ukiwa na miaka ishirini na sita. Misa yako imesomwa. Kaburi tumelipalilia, na Papa amepanga mawe pembeni ili mbuzi wasipite.

Waliokufahamu hawahitaji kuambiwa wewe ni nani. Wasiokufahamu tunawaambia: ulikuwa mtoto wa pili wa Papa Isidore na Mama Joséphine-Marie, ukimfuata Claudette na kumtangulia Luc. Ulipika keki nyeusi ya kakao, laini katikati, ambayo mjini wanaiita brauni. Hapa watu waliiita "ile ya Laetitia", na ilitosha.

Kipande cha kwanza hakikuwahi kubaki ndani ya nyumba. Ulikikata kingali moto ukampa yeyote aliyekuwa anapita njiani, hata kama wiki ile ile alikutukana. Hukunywa chai kabla ya Mama. Ulizungumza na sufuria kana kwamba ni mtoto anayechelewa kuvaa.

Kabla yako, kakao hapa ilikuwa kitu cha magunia tu. Tulivuna, tukaanika, mnunuzi akapakia, akaenda. Papa alikuwa ameilima miaka kumi na miwili bila kujua ladha yake. Halafu, miaka minne kabla hujatuacha, ulirudi kutoka Goma kwa shangazi, ulikokula keki hiyo kwenye ubatizo, ukaenda jikoni ukamuuliza mpishi. Alikutajia chokoleti, siagi, mayai, sukari, na unga kidogo. Ulirudi ukasema, "Chokoleti iko inalala kwetu mu magunia." Keki ya kwanza ilikuwa kama udongo wa kufinyangia. Ya pili iliungua. Ya tano Papa alikula, akasogeza sahani tena.

Tunakumbuka ulivyofanya. Ulikaanga mbegu kwa moto mdogo hadi maganda yakapasuka, ukapepeta kwa ungo, ukatwanga kwenye kinu, kisha ukasaga juu ya jiwe la moto mpaka unga ukatoa mafuta yake wenyewe na kuwa kama uji mzito. Ukauyeyusha pamoja na mafuta ya maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kwenye vilima vya Kitshanga. Mayai na sukari uliyapiga kwa uma hadi mkono ukalalamika. Unga wa ngano uliingia mwisho, viganja viwili. Sufuria iliwekwa juu ya mchanga ndani ya chungu kikubwa, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Ulifunua mara moja tu, ukachoma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ulisema, umechelewa.

Lakini kabla ya kukaanga kulikuwa na siku sita, na hizo zilikuwa za Claudette.

Dada yako ndiye aliyepasua matunda na kuzitia mbegu, na utelezi wake mweupe, ndani ya kitunga chenye majani ya migomba. Alizifunika akaweka mawe juu ili zichachuke. Kuanzia siku ya pili alizigeuza kwa mikono. Joto lake huunguza vidole, na harufu kali kama siki ilimfuata hadi kanisani, ambako watu walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Siku ya sita alipasua mbegu moja kwa kisu. Ikiwa kahawia ndani, yenye nyufa, imeiva. Ikiwa ya zambarau na laini, bado. Kisha ilikuja wiki ya kuanika mikekani na kukimbia kuziingiza ndani kila wingu lilipoonekana.

Tunaandika haya kwa sababu hatukuwahi kuyasema. Watu walisema, "Laetitia iko na mukono." Hakuna aliyeuliza habari za kitunga. Wewe mwenyewe ulijibu kila mara, "Ni kakao ya dada," lakini ulisema kwa sauti ndogo, na watu walidhani ni unyenyekevu wako tu, wakakusifu kwa huo pia. Claudette alikuwa amesimama pale pale, ameshika sahani.

Claudette alikuonea wivu. Neno hilo ni lake, ndiye aliyelitaja kwanza. Hakukuchukia; ungeumia mguu, angekubeba mgongoni hadi hospitali ya Walikale. Lakini sifa zako zilipoingia kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa mlango wa jikoni. Alionja kila keki akitafuta kosa, akalikosa, akamaliza kipande chote kwa hasira.

Mwaka jana Faustin, mwana wa jirani yetu Mama Geneviève, alimwoa Uwizeye kutoka upande wa Kitshanga. Wageni wa bibi arusi walikuwa wanashuka na maziwa yao, na Mama Geneviève alitaka kuwapokea kwa kitu cha msituni ambacho hawajawahi kuonja. Alikuja uani akaagiza sufuria nne.

"Laetitia," alisema, "heshima ya nyumba yangu iko mu mikono yako." Kisha akamgeukia Claudette, aliyekuwa ameingiza mikono ndani ya kitunga hadi kwenye viwiko. "Na wewe, Claudette, utatusaidia kubeba masahani, sivyo?"

"Nitabeba, Mama," Claudette alisema.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya kakao. Mama Geneviève alipoondoka, Claudette aliimwaga yote mkekani, akaianika. Anasema hakutaka kuharibu arusi. Alitaka watu wajue, mara moja tu, utamu unatoka wapi. Kama ni mkono, basi mkono utatengeneza.

Ulipokuja kukaanga, ulipasua mbegu moja. Claudette alikuwa nyuma ya mlango, akakuona ukitazama ile zambarau kwa muda mrefu, kisha ukamwita.

"Dada, hii kakao ilikaa siku ngapi mu kitunga?"

"Siku sita."

"Sita?"

"Nimekuambia sita. Ao unaniita muongo?"

"Hapana, dada. Niko nauliza tu."

Kakao nyingine haikuwepo. Ulikaanga zaidi, ukaongeza sukari, ukamtuma Luc akatafute asali. Kakao ya siku tatu haisikii sukari. Siku ya arusi wageni waliuma, na vinywa vikakaza kama waliotafuna ndizi mbichi. Mjomba wa bibi arusi akainua kipande chake juu.

"Hii njo chakula, ao ni dawa ya minyoo?"

Watu walicheka. Mama Geneviève hakucheka. Claudette alisimama karibu na sahani, akingoja. Saa yake ilikuwa imefika: mtu atauliza kakao ilikuwaje, nawe utalazimika kusema ilitoka mikononi mwa nani.

Ulisimama wewe, kabla ya mtu kuuliza. "Musisumbuke kutafuta," ulisema. "Ni mukono yangu njo ilikosea. Nilikaanga vibaya." Ukaenda ukapiga magoti mbele ya baba wa Uwizeye, ukaomba radhi.

Claudette alirudi nyumbani na hasira kubwa kuliko aliyoondoka nayo. Ulikuwa umemnyang'anya hata kosa lake. Na njiani alisikia watu wakisema, "Umeona Laetitia? Anakosea, na anakubali."

Hamkulizungumza. Mwezi haukuisha, homa ikakushika. Claudette alikuosha miguu siku zote tano. Mara mbili alitaka kukiri, akaenda kubadilisha maji. Siku ya nne ulimtazama ukauliza, "Kitunga umekigeuza?" Akasema ndiyo. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kati yenu.

Mwaka huu wote amepika peke yake, kitunga na sufuria vyote vyake, siku sita bila kupunguza hata moja. Luc, ambaye hajui kubembeleza mtu, anasema keki yake haipungui kitu mbele ya yako. Lakini watu wanatafuna, wanatazama juu, wanasema, "Ni tamu. Lakini ile ya Laetitia..." na hawamalizi. Ni kazi ngumu kumwonea wivu marehemu. Aliye hai, siku moja ataunguza sufuria. Wewe huunguzi tena.

Alikuwa na faraja moja, na anaona haya kuitaja. Sifa zako zilipozidi, Mama Geneviève alitikisa kichwa na kusema, "Lakini kwa Faustin alituaibisha." Claudette, akimimina chai, alisikia kifua kikimlegea. Angalau hiyo ilikuwepo.

Wiki tatu zilizopita tuliketi kuandika tangazo hili lisomwe kanisani. Papa alitamka, Luc akaandika. Claudette alikuwa mlangoni, akimenya maharagwe.

"Andika," Papa alisema, "kwamba mukono wake ulikosea mara moja tu, ku arusi ya Faustin, na alikubali mbele ya batu."

"Luc, futa ile," Claudette alisema.

"Juu ya nini? Batu bote banajua."

"Banajua uongo."

Papa alivua miwani. Claudette akasema yote, tangu mkekani hadi nyuma ya mlango, bila kuacha kumenya. Alipomaliza, Mama aliuliza jambo moja tu.

"Mwaka muzima, Claudette?"

"Mwaka muzima, Mama."

Hatukumhukumu siku ile, na leo hatumhukumu. Sisi tuliosifu mkono mmoja na hatukuutazama wa pili tuna la kujibu pia. Mama alisema tu, "Usiache Mama Faustin asikie hii mara ya kwanza mu kanisa mbele ya batu." Asubuhi iliyofuata Claudette alikwenda kwa Mama Geneviève. Yaliyosemwa huko ametusimulia yeye, na Mama Geneviève amesimulia soko lote, na hawapingani.

Alimkuta akifagia.

"Mama Faustin, ule uchungu wa siku ya arusi, ni mimi njo niliufanya. Kakao ilikaa siku tatu. Nilisema sita."

Mama Geneviève aliuegemeza ufagio ukutani. "Laetitia alijua?"

"Alijua."

"Na alipiga magoti mbele ya wageni wangu, na alijua."

"Ndiyo, Mama."

Mama Geneviève aliketi kwenye kigoda.

"Kwa hiyo siku tatu zikipunguka, mukono wa Laetitia hauwezi kitu."

"Hauwezi, Mama."

"Basi ile miaka yote tulikuwa tunakula kazi yako, na tunasema aksanti kwa mudogo wako."

Claudette alikuwa ameingoja sentensi hiyo kwa miaka mitano. Anasema haikuwa na ladha aliyoitegemea. Ilimfikia imechelewa, na ilibidi ipite kwanza juu ya kaburi lako.

"Lakini sikusamehe leo," Mama Geneviève aliendelea. "Uwizeye alilia."

"Najua, Mama."

"Mutoto wake tunabatiza mwezi unaokuja. Utafanya sufuria nne. Na kile kitunga nitakuja kukilinda mimi mwenyewe, siku ya kwanza mpaka ya sita. Nitabeba na kigoda changu."

"Karibu, Mama."

Alirudi akidhani kwamba sasa mtagawana, yeye na wewe: kila mmoja sifa yake na kosa lake. Haikuwa hivyo. Kufikia Jumapili, Mpofi nzima ilikuwa inasema, "Laetitia alikuwa mutakatifu. Alibeba kosa la dada yake, na hakusema." Katekista amelitia hata katika mahubiri. Claudette alirudi kutoka kisimani, akaitua ndoo hadi maji yakaruka.

"Angalieni basi," alisema. "Ni mimi njo nimesema ukweli, na ni yeye njo anapewa sifa."

Luc alicheka mpaka akatoka nje. Kisha Mama akacheka, na tangu ulipoondoka tulikuwa hatujamsikia akicheka.

"Muendelee kucheka," Claudette alisema, akainama juu ya ndoo, akalia.

Kwa hiyo tumefuta sentensi ya Papa, na mahali pake tumeandika hii: Mkono wako, Laetitia, haukukosea hata siku ya arusi ya Faustin. Na mikono iliyogeuza kakao yako miaka minne ilikuwa ya Claudette.

Wanaokukumbuka ni baba yako Isidore, mama yako Joséphine-Marie, na mdogo wako Luc. Ni jirani yako Mama Geneviève, pamoja na Faustin na Uwizeye, walioomba majina yao yawekwe karibu na ya familia. Na ni dada yako Claudette, anayekuonea wivu hata leo, na ameomba neno hilo lisifutwe, kwa sababu anasema katika Mpofi yote haoni mwingine anayestahili wivu wake.

Hatutakusahau, Laetitia, maisha yetu yote.