Jiko Limevuka Barabara

Baba Hilaria na watoto,

Msilitafute jiko, halipo. Uji uko kwenye chupa ya chai, mimi nimewahi kufundisha. Kuku wafungiwe, jana waliparua mchicha.

Asubuhi alikuja Mama Masanja, yule jirani Msukuma mwenye kichanga, na kigae mkononi, kuomba makaa mawili ya moto. Kuni zake zimelowa. Kwa upepo ule makaa yangezimika kabla hajavuka barabara, nikambebea jiko zima hadi kwake.

Baba Hilaria, usicheke. Jumapili uliwaambia wanajumuiya kwamba wazo jema likinijia kutoka kwa Roho Mtakatifu, mimi hulihoji mpaka linaondoka. Leo sikulihoji. Ndiyo maana nilisahau kwamba jumuiya inasali kwetu jioni, na chai yao haina pa kuchemkia.

~~Hilaria, ukitoka shule kalichukue jiko.~~ Hapana. Kichanga hakinyang'anywi moto kwa baridi hii.

Pelekeni kwa Mama Masanja sufuria kubwa, majani na sukari. Nimerudi kumwuliza kama tunaweza kusali kwake. Akasema, "Karibuni, mwalimu. Tangu tuhamie hapa, wewe ndiye wa kwanza kuvuka barabara kuja kwetu."

Kwa hiyo wanajumuiya wakipiga hodi, waelekezeni ng'ambo. Nawe Baba Hilaria, mwaka mzima unasema utakwenda kuwasalimu siku moja. Siku yenyewe ni leo. Vaa lile koti lako la mtumba, kuna upepo.

Mama