Wamefuta Alama Yangu

Jumamosi, Geita. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu, hainyeshi. Na mimi ni vivyo hivyo: nimefura, ila chozi halitoki.

Wamefuta alama yangu.

Klabu yetu ya sayansi hukagua picha za anga zinazopigwa na darubini iliyo kwenye setilaiti. Tunatafuta asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua. Picha ikiwa na kasoro, unaiwekea alama ili wanasayansi wasihangaike nayo bure. Kazi ya kasoro ndiyo naipenda, maana haihitaji kuongea.

Juzi Kulwa, mwenyekiti wetu, aliona kitone kinachosogea kati ya nyota. Klabu nzima ikaruka! Mwalimu wa fizikia akasema Jumatatu atatangaza kwenye paredi, kisha ripoti itumwe.

Nikafungua picha za upande mwingine kabisa wa anga. Kitone kipo. Kona ileile. Jiwe gani hilo linatufuata kila tunakogeuka? Ni doa la kamera. Setilaiti ilisogea kidogo, nyota zikahama, doa likabaki palepale. Nikaweka alama: kasoro.

Leo nimekuta haipo. Kulwa hata hakuficha.

"We Ng'washi, unatutia gundu! Duara halijatoa mawe, ushasema hamna kitu?"

Wakacheka wote. Sisi watoto wa wachimbaji tunaijua hiyo. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kabla mawe hayajasagwa, hakuna anayetamka kwamba dhahabu haipo. Utafukuzwa wewe pamoja na mikosi yako. Baba yangu mwenyewe hathubutu. Lakini jamani, mawe yale mwisho husagwa! Sisi tunataka kushangilia bila kusaga.

Nikampelekea Mwalimu picha zote mbili.

"Mwanangu, usiwavunje moyo wenzako."

Hakuziangalia. Hakuziangalia kabisa!

Kichwani nilikuwa na hoja za Kiswahili na za Kiingereza. Mdomoni ikatoka, "Sawa, Mwalimu."

Sawa gani?

Wanasayansi wakigundua kuwa ni doa tu, hata picha tulizokagua vizuri hawataziamini tena. Na zangu zimo humo, zote nilizozikodolea macho hadi yakauma.

Nimeirudisha alama. Safari hii nimeandika sababu, na jina langu.

Wakiifuta tena, Jumatatu nitanyoosha mkono. Najua, kwenye paredi hakuna anayenyoosha mkono. Kulwa atacheka.

Nitanyoosha tu.