Siku Kumi na Moja Nilizoimba Nikijua

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na unatembea bila fimbo. Shemeji nasikia amestaafu. Mwambie asikae tu kitini, atanenepa. Huku wanao hawajambo, wanasoma. Mama yao, mke wangu sajini, bado yuko mpakani, mwezi wa nane sasa. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo nakuambia wewe kwanza, uone kama bado nafaa kusimama na watu niliowakosea.

Unakumbuka alipoondoka nilivyokuwa. Chakula hakishuki, usingizi hauji, mpaka mteja nikamshonea suruali mguu mmoja mfupi. Jirani yangu hapa kotazi, mke wa dereva wa jeshi, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia nije kwenye kwaya yao ya wake wa wanajeshi, kila Jumatano saa kumi. Nikamwambia mimi si mke. Akasema kusubiri ni kulekule, uvae gauni uvae suruali, hata hiyo yako.

Nikaenda. Wanawake kumi na wanane, na mimi. Kwa kinyozi wakaanza kuniita Mama Sajini. Jirani yangu ndiye kiongozi wetu, akasema sauti yangu ni gari bovu linalopanda mlima, lakini angalau linapanda. Mlangoni tunaacha simu zote kwenye ndoo, maana simu ikilia pale kila mtu roho inamruka. Halafu tunavuta pumzi pamoja, tunaanza. Kuna mama hakuwa akisema na mtu tangu mumewe apelekwe. Wiki ya nne akaimba ubeti mzima peke yake, tukalia wote. Mimi nikaanza kula. Dada, kwaya ile ndiyo iliyoniinua.

Sasa sikia. Mwezi uliopita, Jumanne, mke wangu alinipigia analia. Lori limepinduka korongoni, dereva amekufa. Dereva huyohuyo, mume wa kiongozi wetu. Akaniapisha nisifungue mdomo, kwa kuwa habari ya msiba hupelekwa na jeshi lenyewe, na askari akiitoa anashtakiwa. Nikadhani wangekuja kesho yake. Hawakuja. Karatasi zilikwama sijui ofisi gani, zikapita siku kumi na moja.

Katika siku hizo nilisimama nyuma yake Jumatano mbili, nikaimba. Ile ya pili alinikabidhi kitambaa cha bluu, nimshonee mumewe shati la kurudia nyumbani. Ningeweza kusema kazi zimenizidi. Badala yake nikamuuliza anataka kola ya namna gani. Nikakaa kwenye cherehani nikalishona, vifungo sita, nikijua wa kulivaa hayupo. Ijumaa akalichukua, akalikagua mshono kwa mshono, akanitania kwamba safari hii mikono yote miwili imelingana.

Jumamosi asubuhi maofisa wakagonga mlango wake.

Jeshi lilileta sare mpya. Akaikataa. Mumewe amezikwa amevaa shati nililomshonea.

Kwaya haijamwacha. Wanakwenda kwake kwa zamu, wanamfulia, wanaimba polepole sebuleni, na juzi naye akaitikia. Alipomaliza akanishukuru mbele ya wote. Akasema Mungu ndiye aliyemtuma kwangu mapema, la sivyo mumewe angezikwa kama mali ya serikali. Wenzake wakaitikia amina. Mimi nikaangalia sakafu.

Watu watasema nilifungwa na kiapo. Hata mimi nilijidanganya hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa akijua ataacha kuja, kwaya itavunjika, nami nitarudi nilikokuwa. Nilimnyima siku kumi na moja za kumlilia mumewe ili mimi nipate pa kuimbia.

Mke wangu nimemwambia kwamba nitasema. Akasema kama ni kushtakiwa, ashtakiwe. Kesho saa tisa, kabla ya mazoezi, naenda mlangoni kwa jirani yangu. Sitaingia mpaka nimemaliza. Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshasema, na kama atanifukuza kwayani nitatoka bila kujitetea.

Msalimie shemeji na watoto. Mama usimwambie kwanza, nitamwandikia mwenyewe. Ukinijibu, usinionee huruma.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi