Pumzi ya Mwalimu Tereza

Mjukuu wangu Kabula,

Wangaluka. Barua yako imefika. Hapa kijijini Sola sisi tu wazima. Babu yako anapalilia pamba, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Unaniuliza kama ufurahi mwalimu wako wa uimbaji huko Dar es Salaam anaposema kuwa unaimba sawasawa na yeye.

Mimi nilifundishwa na Mwalimu Tereza, katika ghala la ushirika lililobaki tupu wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia. Tulijifunza kwa kumfuatisha, neno kwa neno, hata pumzi kwa pumzi. Alipofariki, nilipewa kuimba sehemu yake kwenye misa ya kumwombea.

Ubeti wa kwanza haukwisha. Mama yake, aliyekuwa kipofu, aliinuka kwenye benchi, akaja polepole hadi mbele, akanipapasa uso.

"Tereza, mwanangu, kifua bado kinakubana?"

Mwalimu alikuwa akikata pumzi katikati ya kila mstari, nasi tulikata pale pale. Tulidhani ndivyo wimbo ulivyo. Kumbe ulikuwa ugonjwa wake, na sasa ulikuwa kifuani mwangu mimi niliyekuwa mzima.

"Mayu, mama yangu, mimi ni Minza," nilimjibu.

Hakuondoa mikono.

"Minza simsikii," alisema. "Anaimba wapi?"

Kanisa zima lilikuwa likinitazama.

Mheshimu mwalimu wako, Kabula. Lakini kesho, kabla hajafika, imba ubeti mmoja peke yako, usikilize ni nani anayeimba.

Akupendaye,
Bibi yako Minza