Wifi Kanitolea Mchanga wa Samaki

Newala, Jumatatu jioni. Nje upepo wa baridi, ndani ya moyo wangu moto.

Hamjambo wasomaji wangu? Na watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Ila nina hasira. Nimeshazisalia mara mbili, bado zipo.

Mnaonifahamu mnawajua samaki wangu, wale wapole wa Ziwa Nyasa alioniletea kaka. Hawagombani, hawafukuzani. Kazi yao kutwa ni kuchota mchanga mdomoni, kuuchekecha, wakameza chembe za chakula na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Nikitoka kwenye mikorosho nakaa mbele ya kioo chao, lile sanduku la maji wanamoishi, uchovu unanitoka.

Wiki iliyopita jike mkubwa alivimba kidevu. Alikuwa amebeba mayai mdomoni, ndivyo wanavyolea hawa. Hali kitu mpaka watoto watoke. Watoto hao nimewaombea muda mrefu.

Ijumaa nikaenda Masasi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Ufunguo nikamwachia Mama Esta, dada wa mume wangu, jirani yetu. Nikamwambia awape chakula kidogo tu.

Jana narudi, kioo kinang'aa. Chini kuna kokoto.

Kokoto! Na mabonge ya ugali juu yake.

"Wifi, samaki wako walikuwa wanakula mchanga kwa njaa," akaniambia, anajivunia kabisa. "Kama mimi na mimba ya Esta, nilivyokuwa natafuna udongo. Na yule mnene anakataa hata ugali! Nikasema nyumba ya kaka yangu itachekwa."

"Uliwatoa ukawaweka wapi?"

"Kwenye beseni. Maji yake nikamwagilia mchicha wako. Nani huku anamwaga maji bure?"

Jike hakuwa na kidevu tena. Samaki huyu akishikwashikwa hutema mayai. Aliyatema kwenye beseni, na beseni likaenda bustanini. Nikapiga magoti kati ya matuta, natafuta.

Kuku walishatangulia.

Nikafungua mdomo nimfokee. Ndipo nikaona tangi langu la mvua halijaguswa. Maji yote, ya kuoshea kokoto na ya kujazia kioo, aliyatoa kwenye pipa lake mwenyewe, na msimu huu bomba linatoka likijisikia. Huku kwetu mtu akikupa maji yake unashukuru kwanza. Ugomvi unasubiri mpaka umrudishie.

Nikasema asante.

Na mume wangu, Baba Tumaini, anacheka! "Mke wangu, unalilia mayai ya samaki, na juzijuzi umekaanga samaki?" Nikampakulia chakula bila kumtazama.

Leo asubuhi samaki wameokota kokoto, wameziachia, wameokota tena. Mmoja mdomo umechubuka. Wapole wale, hawajui hata kukasirika. Nimekasirika kwa niaba yao.

Mchanga wao nikaukuta nyuma ya jiko, umechanganyika na majani na kinyesi cha kuku. Nimeuosha, nikauanika, nikakaa na chekeche la unga. Baadaye wifi akaja na chekeche lake. Akakaa, akachekecha. Halafu akasema polepole, "Mbona hukuniambia ana watoto mdomoni? Ningemgusa kweli?"

Nikamsogezea mchanga uliobaki. Najua Mungu angependa nimjibu kwa upole. Lakini hasira zilikuwa bado hazijatoka, na hata sasa zipo.

Mchanga umerudi kiooni. Jike amechota kidogo, akautema, akajificha nyuma ya jiwe.

Kesho alfajiri nampelekea wifi maji kutoka tangi langu, ndoo kwa ndoo, mpaka pipa lake lijae. Nikishamaliza, nitamfokea vizuri. Kisha nitamkaribisha chai, tuwaangalie samaki sisi wawili.

Wewe unayefuga samaki hawa, niambie: jike aliyepoteza mayai hivi, hubeba tena? Nijibu mapema, tafadhali.