Mfalme Aliyelala Chali

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu na unisamehe mwandiko, maana mikono yangu imezoea chuma kuliko kalamu na shule niliiacha njiani. Mimi ni kibarua wa ujenzi, kwetu ni mbali sana, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu hapa nikifungua mdomo kuna mtu atamwaga unga, na mtu huyo ndiye aliyenipokea.

Naishi chumba kimoja na dereva wa kreni, mtu mzima kuliko mimi, tunamwita Mzee wa Juu kwa sababu akipanda asubuhi hashuki mpaka kazi iishe. Nilipofika hapa bila pa kulala yeye ndiye aliyenipisha nusu ya godoro lake, na yeye ndiye aliyemwomba msimamizi anitoe kwenye zege anipe redio ya mkononi, nisimame chini nimwongoze kwa sauti: kushoto kidogo, teremsha, simama, na mshauri wangu, nakuambia sijaona mtu kama yule, mzigo wa nondo unaoweza kuvunja ukuta anaulaza chini taratibu kama mama anayelaza mtoto aliyesinzia, mpaka mafundi wanaacha kazi wanatazama.

Siku za mapumziko tunacheza karata, mchezo wa watu wawili. Unalaza karata kifudifudi na kuitaja, unaweza kusema kweli au uongo, mwenzako akikuamini anasema "pita" na mchezo unaendelea, akikutilia shaka anasema "funua", na hapo ukikutwa umedanganya unazoa rundo lote, ukikutwa mkweli anazoa yeye, na anayemaliza karata zake ndiye mshindi. Sijawahi kumshinda. Mimi nikidanganya ananikamata palepale, anasema sauti yangu inachechemea, lakini yeye hata nikimkazia macho usoni sioni kitu, mara kweli, mara uongo, sauti ni ileile, na mimi nilikuwa namstaajabia kama mtu anayestaajabia mlima. Karata huzishika karibu na pua, nikawa namtania kwamba anazinusa, naye hunijibu kwamba zinazonuka ni soksi zangu.

Sasa Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, tumekaa kwenye godoro, akalaza karata yake akasema, "Mfalme." Nikatazama. Karata ilikuwa imelala chali, mshauri, uso juu, tatu ya kopa, nyekundu kabisa, mbele yetu wote wawili, naye ametulia anasubiri nimwambie pita au funua, tabasamu lake lilelile. Kwanza nikadhani ananidhihaki, kisha nikaelewa kwamba haioni. Haoni zake, haoni zangu, nikifunua ni mimi ninayetaja ni karata gani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Miezi yote hiyo alikuwa analaza asichokijua na kukipa jina analotaka, ndiyo maana uso wake haukuwa na dalili, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kama anadanganya.

Nikasema, "Pita."

Akakusanya karata zote ingawa mchezo haujaisha, akasema, "Leo umecheza vizuri, mdogo wangu." Hatujazungumza habari hiyo tena.

Tangu hapo nakumbuka mambo. Nakumbuka nilipopata mafua sauti ikakauka, mzigo ukaning'inia hewani hautikisiki, naye akiniambia kwenye redio nirudie tena na tena. Yeye haoni chini, mshauri, anashusha tani za chuma kwa kufuata sauti yangu tu, na sijui nilie au nimpigie saluti. Nikisema, watamrudisha kwao mikono mitupu, mtu aliyenipa nusu ya godoro. Nikinyamaza, chini ya mzigo ule wanapita watu. Na sijui hata kama anajua kwamba najua. Nifanye nini?

Ni mimi, wa chini ya kreni.

*

Wewe wa chini ya kreni,

Barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena. Mtu wa namna hiyo ni wa kustaajabisha kweli, sikunyang'anyi hilo. Lakini umestaajabu mpaka umesahau kuogopa, na hapo ndipo ninapokugombeza.

Unauliza kama anajua. Mwanangu, umeniambia mwenyewe kwamba hujawahi kumdanganya hata mara moja akakosa kusikia. Unadhani ile "pita" yako hakuisikia ikichechemea? Aliisikia, ndiyo maana akakusanya karata. Alipokwambia umecheza vizuri hakukusifu, alikuwa anakuomba umfichie. Wewe ukakubali kwa kunyamaza, na tangu siku hiyo siri si yake peke yake. Kila unapobonyeza redio, mnaendesha wawili, na mzigo ukimwangukia mtu, mmemwangushia wawili. Usiniambie habari za godoro. Hakukupa nusu ya godoro ili umsaidie kuua mtu, na ungemuuliza kabla macho hayajamharibika angekwambia hivyohivyo.

Sauti yako si macho. Itakosea siku moja kwa kikohozi, kwa betri, kwa kamba iliyokatika nyuma ya mgongo wako usiione. Yeye anakuamini, lakini fundi anayepita na ndoo ya maji hajaambiwa kwamba anamwamini mtu asiyeona.

Basi sikiliza. Leo hii, kabla hamjatoka chumbani, mwambie: "Kaka, ile haikuwa mfalme. Ilikuwa tatu ya kopa, nayo ilikuwa chali." Usiongeze maneno, mpe nafasi ya kunyamaza. Kisha mwambie hapandi, na kwamba utafuatana naye kwa msimamizi, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, ashuke kama mtu aliyeamua, si kama mtu aliyefumaniwa. Akikataa akaelekea kwenye ngazi, mtangulie kwa msimamizi kabla redio haijawashwa. Usithubutu kuitupa redio na kukaa pembeni, maana watampa mwingine, na huyo mwingine sauti yake Mzee haijui.

Na macho hayo ameyapeleka wapi? Hukuandika neno moja kuhusu daktari. Inawezekana ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo mara nyingi hutolewa mtu akaona tena. Inawezekana ni kitu kibaya zaidi. Mimi sijui, wewe hujui, na yeye anaogopa kujua. Mpeleke hospitali wiki hii, ukae naye kwenye foleni.

Atakukasirikia. Huenda akahamishia godoro upande wa pili wa chumba asikusemeshe. Vumilia, mpelekee maji ya kuoga na usidai asante. Atakuwa mzima, na jioni mafundi wote watarudi makwao kwa miguu yao.